Dawa ya Kusafishia Injini

Fundi alikatazwa mapema na dada yake. "Gari ni kuukuu lakini linatembea. Usiliguse."

"Dada, humo ndani kumejaa tope la oili. Dawa hii ni dakika kumi tu."

Aliimimina, akaiacha injini ingurume, akamwaga oili chafu na kutia mpya. Gari likalia laini, naye akatembea kifua mbele.

Siku ya tatu baba yao alibanwa na pumzi. Dada akampakia garini kumkimbiza hospitali. Wakipanda mlima, injini iligonga mara mbili, ikakwama. Walipopata gari jingine, baba alikuwa ameshakata roho kwenye kiti cha nyuma.

Baada ya mazishi fundi alilala chini ya gari, akafungua sampo, bakuli la oili lililo chini ya injini. Tope lililobanduliwa na dawa lilikuwa limeziba chujio, oili ikashindwa kupanda kulainisha injini.

Dada alisimama karibu. "Umeona nini?"

Angeweza kusingizia uzee wa gari.

"Ni dawa yangu, dada."

Dada alifungua mlango wa nyuma, akautoa mto aliokuwa amelalia baba, akaondoka nao kifuani.