Uzi wa Mshona Kola

Sindano ya cherehani ilimchoma mshona kola kidoleni saa nne asubuhi, na kidole hakikutoa damu. Kilitoa uzi mweupe, mwembamba, ukaning'inia juu ya shati.

Hakushangaa. Ilikuwa siku ya kupakia mzigo, na siku hiyo nani ana nafasi ya kushangaa? Kiwandani humo shati lenye uzi unaoning'inia hurudishwa, na aliyelishona hulishughulikia wenzake wakila. Basi mazoea yana taabu: aliuleta mdomoni, akaung'ata, akautema. Ukatoka mwingine, akaung'ata na huo. Kufikia adhuhuri kichwa chote kilikuwa mvi, na mgongo umeanza kupinda.

Muuguzi wa kiwanda, mama mnene asiyependa maneno mengi, aliukagua uzi dirishani.

"Huu si wa shati, dada. Ni wako. Ndani ya kila seli uzi huu umezungushwa kwenye vigololi, ukakunjwa, ukakunjwa tena, ndipo ukaenea humo. Kila kifurushi ni kromosomu. Nchani una vikofia, kama kamba ya kiatu. Seli ikigawanyika, vinafupika. Vikiisha, seli imezeeka."

"Mimi ncha zote nimeng'ata."

"Umezitupa wapi?"

"Chini. Zimeshafagiwa."

Muuguzi akatafuta plasta.

"Nishonee vingine basi," mshona kola akamsihi. "Binti yangu yuko darasa la kwanza. Nataka nimwone akiwa mkubwa."

"Maji yameshamwagika, dada. Hayazoleki."

Akauviringa uzi uliobaki, akaurudisha kidoleni taratibu, akabandika plasta. Nje ya mlango wake walikuwa wamepanga foleni washona mikono na mtia vifungo, kila mmoja na uzi wake.

Msimamizi alipita akikagua kola, akachukizwa na madoa ya mate. Kabla ya kengele ya jioni kila cherehani ilikuwa imefungiwa mkasi mdogo wa kukatia nyuzi.

Mshona kola alijikongoja hadi kwake. Akabisha hodi, kwa kuwa mikono ilitetemeka mno kushika ufunguo. Binti yake akafungua, akamwamkia kwa adabu, kama alivyomfundisha mwenyewe.

"Shikamoo, bibi. Mama bado hajarudi kutoka kazini."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Mtoto akamvutia kiti. Wakaketi pamoja, wakamngoja.