Fyuzi Kwenye Pindo la Kanga

Mzee Masatu hakuwa na tetea. Wa mwisho alinyakuliwa na kicheche akiwa ameatamia, yakabaki mayai na manyoya machache. Hakuwa na meno mawili ya mbele, wala mguu mmoja wa miwani. Mahali pake alifunga uzi. Hakuwa na cheti cha ufundi umeme isipokuwa kile cha madarasa ya jioni, ambacho alikitundika sebuleni juu zaidi ya picha ya harusi. Na tangu msiba wa mwaka juzi hakuwa na Boke, mkewe.

Kuku walikuwa wa Boke. Siku alipoolewa, mama yake kule Butiama alimpa tetea wa shingo wazi, na ukoo ule haukukatika hapo mtaani Mukendo miaka yote. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilipita, mwewe walipita, shingo wazi wakabaki. Sasa walikuwa wamebaki ndani ya mayai tu, yaliyoviringishwa katika kanga kuukuu ya Boke pamoja na chupa za maji ya moto.

"Shemeji, yalete huku," Mary, mdogo wa Boke, alimpigia simu kutoka Butiama. "Nina tetea kaatamia, nitamwongezea."

"Barabara itayatikisa. Nitayaangua hapa hapa."

"Wewe? Utayakalia?"

"Natengeneza mashine."

Mary alicheka mpaka akakohoa. "Haya, fundi. Ukiyachemsha usinipigie simu. Niandikie barua, niisome nikiwa nimekaa."

Mashine yenyewe ilikuwa friji bovu, balbu ndani yake, na themostati mpya, kile kifaa kinachopima joto na kuiwasha au kuizima balbu chenyewe. Kilichobaki kilikuwa kuunganisha nyaya. Lakini umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima tangu asubuhi, na chupa zilikuwa zinapoa.

Najat, jirani yake muuza vitumbua, alileta birika. "Baba, haya ndiyo maji ya mwisho. Mkaa wangu ni wa vitumbua, hauatamii."

"Mungu akubariki, mwanangu. Sasa hivi namaliza."

Mzee aligusa mayai. Yalikuwa vuguvugu tu. Akachuchumaa haraka ukutani, akafungua soketi, akazivuta nyaya nje. Umeme si haupo? Akashika koleo kwa mkono wa kulia. Ndipo mkono wa kushoto ulipojinyoosha wenyewe pembeni, kiganja juu, kama unampa mtu kitu.

Hakukuwa na kitu, wala mtu.

Enzi zile, kila mara kabla hajagusa waya wowote, alichomoa fyuzi kuu ya nyumba akamkabidhi Boke. Boke aliifunga kwenye pindo la kanga, akavuta kigoda, akakaa kumlinda. Hakuifungua mpaka aone mikono yote miwili ya mumewe ikiwa mitupu na kila waya umefunikwa. "Niliolewa na fundi," alikuwaga anasema, "sikuolewa na marehemu." Siku moja alijisahau, akapanda basi kwenda mnadani Bunda na fyuzi pindoni. Masatu alikaa na jirani wakimsubiri hadi jioni, chai ikichemshwa kwa kuni, na hakuweza kukasirika.

Akaweka koleo chini. Akainuka, magoti yakilalamika, akaenda kwenye meni swichi, ile swichi kuu ya nyumba, na kuishusha. Fyuzi za kuchomoa hazikuwapo tena, kwa hiyo akachana kitambaa akakifunga kwenye mkono wa swichi, mtu yeyote asiupandishe.

Fundo lilikuwa halijakaza vizuri redio ya Najat ilipolipuka kwa muziki. Watoto mtaani wakapiga kelele: "Umerudi!"

Mzee Masatu alizitazama zile nyaya zilizotoka ukutani, shaba ikimeta. Akarudi kulikaza lile fundo.

"Baba!" Najat aliita dirishani. "Mbona kwako hauwaki?"

"Boke kashika fyuzi."

Najat akajibu: "Mwambie asiiachie basi."

Akafanya kazi polepole, kama alivyofundishwa. Waya wa moto akaupitisha kwenye themostati kwanza, ndipo ufike kwenye balbu. Wa bluu ukaenda moja kwa moja. Wa ati, ule wa kupeleka umeme ardhini, akaukaza kwenye bodi ya friji. Kipima joto akakining'iniza usawa wa mayai, mbali na balbu, na hakuacha kiungo hata kimoja wazi. Akaonyesha mikono mitupu kwa kigoda kilichokuwa kitupu vilevile, akapandisha swichi. Aliiacha mashine ifanye kazi na bakuli la maji tu, mpaka alipoiona balbu ikizima na kuwaka yenyewe kwenye nyuzi joto thelathini na saba na nusu. Hapo ndipo alipofungua kanga.

Wiki ya tatu, kifaranga wa kwanza alitoboa ganda akatoa shingo, nyekundu, haina hata unyoya. Mzee alikohoa, akafuta miwani, akaenda kutafuta kalamu.

"Shemeji Mary, hii isome ukiwa umesimama. Kuku wa dada yako wapo. Njoo na kapu uchukue nusu yao, wasikae tena nyumba moja. Ukifika nitakueleza jinsi dada yako alivyonishika mkono siku nilipokuwa na haraka."

Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka. Akamega tonge la ugali wa mchana, akalipaka ukingoni kama Boke alivyokuwa akifanya, akakandamiza kwa dole gumba mpaka ikashika. Kisha akavaa kofia, akaenda stendi, akaikabidhi kwa kondakta wa gari la Butiama.