Birika la Chumba Namba Tatu

Hotelini kwetu hakuna anayefukuzwa. Jina lako linakosekana tu. Kila Jumamosi saa sita mchana msimamizi hubandika ratiba ya wiki karibu na chumba cha kufulia, na sisi wahudumu wa vyumba tunaisoma kimyakimya, kila mtu akijifanya anatafuta kitu kingine. Ukijiona, umepata wiki moja. Usipojiona, unavua sare. Tulikuwa kumi na mmoja. Wageni walipopungua, wenzetu watano walinyolewa, sisi tukabaki tukitia maji vichwani.

Mimi ni mjane mwenye watoto wawili, na kwa miaka tisa nimekuwa kibarua wa wiki moja moja. Ndiyo maana Jumatatu ile msimamizi aliponiletea binti mmoja na kusema, "Mfundishe kila kitu unachojua," nilianza kuhesabu siku zangu. Hapa kwetu anayefundisha ndiye anayefuata. Aliyenifundisha mimi hakumaliza mwezi.

Binti alikuwa mwepesi kupita kiasi. Nilimwonyesha kona za shuka, akazikunja vizuri kuliko zangu. Nilimwonyesha kioo, akakifuta bila kuacha alama. Nilimsifu kwa mdomo huku moyoni namlaani, Mungu anisamehe.

Kitu kimoja sikumwambia. Wageni huacha maji kwenye birika la umeme, na wengine huchemshia soksi humo, kwa hiyo kila chumba lazima ulifunue, ulimwage, ulisuuze. Ukilitazama kwa nje huoni kitu. Yeye alipokuwa akitandika, mimi nililibeba bafuni nikalimwaga. Nilijiambia kesho nitamwambia. Kesho ikazaa kesho nyingine.

Alhamisi ni siku yangu ya mapumziko, naye alibaki peke yake. Nilikaa nyumbani nikiosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

"Mama, unaumwa?" mwanangu mkubwa akauliza.

Nikasema sijambo. Nilikuwa naogopa binti asije akakosea, na nilikuwa naogopa zaidi asipokosea.

Alikosea. Ijumaa asubuhi nilimkuta msimamizi ameshika birika la chumba namba tatu, ndani yake maji ya siku mbili na unywele mrefu. Mgeni alikuwa ameshajimiminia kikombe.

"Huyu hukumfundisha?" akaniuliza, binti akiwa amesimama pale pale.

Niliiona ratiba, nikawaona wanangu. Kabla sijapata neno, binti akasema, "Dada alinifundisha. Nimesahau mimi."

Jumamosi jina lake halikuwapo. Langu lilikuwapo, mstari wa pili. Binti aliikunja sare yake kona kwa kona, akanikabidhi.

"Jumatano nilikuona kwenye kioo cha bafuni ukimwaga maji," akasema polepole. "Nilidhani ni maji yako ya kunywa. Jana ndiyo nimeelewa."

"Sasa mbona hukumwambia msimamizi?"

"Ningemwambia, tungeondoka wote wawili. Una watoto, dada."

Akaondoka. Aibu ilinishika, sikatai, lakini hofu ilikuwa imeshatangulia. Nilisimama pale na sare yake mkononi nikiwaza: je, akifika nyumbani akaghairi, akarudi kusema?

Hakurudi. Jumatatu msimamizi alileta mwingine.

"Mfundishe kama ulivyomfundisha yule," akaniambia, na sikujua kama ananitania au ananionya. Alikuwa ameshageuka anakwenda zake.

Tukaingia chumba namba tatu. Tukaanza na shuka, tukaja kwenye kona, kisha kioo. Huyu naye alikuwa mwepesi. Alipoinama kuvisha mito foronya, nililichukua birika nikaenda nalo bafuni, na safari hii nikafunga mlango.