Chungu cha Haridas

Kabla ya kufika darajani, Wamae alikuwa amekwisha kukitazama chungu mara tano. Kilikuwa magotini pa Chandrika, kimefungwa kitambaa cheupe, na ndani yake mlikuwa na majivu ya baba yake, Haridas, mwenye duka la nguo mjini Nyeri. Wamae alimwendeshea gari miaka kumi na minane. Mzee aliomba jambo moja: atiwe kwenye maporomoko ya msituni, mahali alipokunywa maji mwaka wa 1938. Sasa ilikuwa 1968, na kesho yake Chandrika angepanda ndege kwenda Uingereza, asirudi.

Landrova iliacha mashamba ya chai ikaingia ukunguni. Njia ikawa uwazi tu kati ya mianzi, na mianzi ilipita polepole kama watu watokao kanisani bila kusemezana. Sauti ya maji ilisikika kulia, kisha kushoto, kisha juu ya vichwa vyao. Mara mbili Wamae alidhani gari limesimama na mlima ndio unaosogea. Akatazama mshale wa mwendo: maili nne kwa saa.

Kwenye mwinuko wa mwisho magurudumu ya nyuma yalizama. Akili yake ikiwa kwenye chungu, alikata mianzi akaitandika mizima chini ya magurudumu. Mianzi mizima huviringika. Gari liliteleza hadi ukingoni mwa korongo.

Ilibidi mianzi ipasuliwe, na mtu aisukumize chini ya gurudumu gari likipanda. Chandrika hakujua kuendesha, kwa hiyo yeye ndiye angeshuka. Lakini kwa desturi ya Wahindu chungu kile hakiwekwi chini; tangu mzee achomwe kilitundikwa mtini uani. Na kwa watu wa Wamae, aliyegusa mfu haingii nyumbani kabla ya kutakaswa. Mama yake kule Tetu hakuwa mtu wa kudanganywa.

"Baba Murugi," Chandrika alimwambia Wamae kwa jina la mwanawe, "basi turudi."

Wamae alinyoosha mikono, akakipokea, akakibana mapajani. "Hata alipokuwa hai alipenda kunibana kitini."

Chandrika alikunja sari, akashika panga. Gari lilipanda.

Juu, ukungu ulifunguka. Maji yalishuka meupe, kana kwamba hayafiki popote. Chandrika alifika kwa miguu, viganja vimechanika.

"Kaa," Wamae alimwambia. "Mimi nimeshagusa. Mama atanilaza nje vyovyote vile."

Aliingia majini hadi magotini, akafungua kitambaa. Majivu hayakuanguka mara moja. Upepo wa maporomoko uliyainua, yakasimama hewani sekunde tatu, pengine nne, kijivu ndani ya weupe, kisha hayakuwapo.