Lituma ya Saa Sita

Shule ya mjukuu wangu Joëlle ilipofungua kantini hapa Kindu, tuliulizwa: mtoto ale wali na maharagwe ya shule, au aje na chakula cha nyumbani? Mimi sikusita hata kidogo. Nani atanifundisha kulisha mtoto? Baba yake, Désiré, nilimlisha miaka ya vita, mji umezingirwa, chumvi hakuna.

Kila asubuhi nachemsha ndizi, naziponda, naifunga lituma yangu kwenye majani na kuificha chini ya madaftari. Halafu namwambia Joëlle yale yale niliyokuwa namwambia baba yake.

“Kula mu njia. Ukifika ku mulango ya masomo, iwe imeisha.”

Wakati ule wenye bunduki walikuwa wanawapokonya watoto hata ndizi. Sasa hawapo, najua. Mdomo wangu ndio haujajua.

Wiki ya tatu nikaitwa shuleni. Mwalimu Tambwe, aliyesoma darasa moja na Désiré, alinipokea kwa upole ulionikera.

“Mama Désiré, kama chakula haiko kule nyumbani, mutuambie tu. Saa sita wenzake wanakula, Joëlle anawaangalia.”

Nilipandwa na hasira. Mimi, nimnyime mjukuu wangu chakula! Nikamgeukia mtoto, aliyesimama kando yetu.

“Joëlle! Lituma yangu iko wapi?”

“Nilikula mu njia, koko. Weye njo ulisema,” akanijibu mimi bibi yake.

Tambwe akaanza kucheka, kisha akaacha.

“Désiré naye alikuwa vile vile. Saa sita njaa inamuuma. Nilikuwa nakata muhogo yangu, namupatia nusu. Alinikataza nisikuambie.”

Miaka yote hiyo nilijisifu sokoni na kanisani kwamba mwanangu hakuiona njaa. Iliniuma, siwezi kuficha. Lakini nilifurahi pia, tena sana, kwamba alikuwepo mtu wa kumkatia.

Kesho yake nilifunga lituma mbili nikazipeleka mwenyewe saa sita, zikiwa bado moto. Moja nilimpa Joëlle, akaila polepole huku akipiga soga na wenzake. Ya pili, ile kubwa, nilimwekea Tambwe mezani, darasa zima likitazama.

“Mama, mimi niko mukubwa sasa,” akasema kwa aibu.

“Kula, mwana wangu. Nimechelewa, lakini kula.”

Akafungua majani, akala, nami nikakaa pale mpaka akamaliza.