Mzinga Uliojaa Sauti ya Ngollo

Jumanne, tarehe nane Machi mwaka 2022, saa nne asubuhi, gari la wagonjwa la zahanati lilipita mbele ya nyumba ya Ngollo, nje kidogo ya Igalula, limepakia viti vya plastiki na kreti za soda. Mkewe, Theodora, alikuwa kalala mkekani barazani akitapika damu, akilingojea gari hilo hilo. Ilikuwa Siku ya Wanawake. Saa nane alikata roho, na muziki wa sherehe ulisikika vizuri tu.

Mwaka uliofuata mkono wa kulia wa Ngollo ulianza kutetemeka. Uso ukakakamaa, sauti ikafifia, maneno yakawa yanatoka yameshikana kama wali uliolala. Daktari wa mjini Tabora akamwambia ni ugonjwa wa ubongo, hauponi, ila sauti huzoezwa.

"Kila asubuhi, mzee, ongea kama unamwita mtu aliye ng'ambo ya reli."

Ngollo alikuwa mlina asali. Mazoezi akaenda kuyafanyia porini, chini ya mzinga wake wa gome, pale ambapo siku zote alipiga hodi kabla ya kulina, maana nyuki ndio wenye nyumba. Alivuta "aaa" mpaka pumzi ikakata. Kisha akasema yale aliyotaka kuyasema kwenye mkutano wa kijiji: nani alitoa funguo za gari siku ile?

Mkutanoni alisimama mara saba katika miaka miwili.

"Hatusikii," alisema mwenyekiti, Masanja, aliyechunga naye ng'ombe utotoni. "Hoja isiyosikika haiandikwi."

"Mzee leo kaizimua mapema," mtu akasema huko nyuma, watu wakacheka. Ngollo hakuwa ameonja pombe tangu aoe.

Mara ya nane aliufunga mzinga kwenye baiskeli, akaupeleka, akauweka juu ya meza ya mwenyekiti na kuuzibua. Sauti yake ya zamani ikatoka, nzito, kila neno limenyooka. Ikasimulia viti, soda, mkeka, damu. Nyuki walitulia ili isikike.

Masanja alisikiliza huku kaingiza kidole mzingani, anachovya asali, analamba, anatema nta sakafuni.

"Sauti nzuri," akasema. "Lakini mzinga huu ni mkazi wa kitongoji gani?"

Recheli, mtendaji wa kijiji, akapekua daftari la wakazi. "Haumo, mwenyekiti."

"Basi hauna haki ya kulalamika. Ila kutangaza unaweza. Kipaza sauti chetu si kimekufa?"

"Tangu Krismasi."

Ngollo akasema hapana. Hawakumsikia.

Machi mwaka huu gari la wagonjwa liliupeleka mzinga uwanjani pamoja na viti. Ngollo alipanda nao, kwa sababu nyuki walikataa kuondoka bila yeye. Mzinga ukawakaribisha wageni wa heshima, ukaita kwaya, ukawaomba kina mama waketi mbele. Kila ulipomaliza tangazo uliongeza swali lile lile, kwa sauti iliyofika mpaka relini, na kila mara watu walipiga makofi huku Masanja akijifuta vidole kwa kitambaa cha meza.

"Funguo za gari, siku ile, alitoa nani?"