Klachi ya Mkunga

Gari la mkunga lilirudi siku ya tatu, na mimi nilifurahi. Fundi yeyote hununa kazi ikimrudia, lakini klachi ile aliifunga kaka yangu, na nilikuwa nimeshamwambia mbele ya shemeji kwamba kazi moja tu ikirudi, anaacha spana.

Gereji aliianzisha yeye. Ufundi alinifundisha yeye, kwa matusi na makofi, na mpaka leo wateja wakija humuulizia yeye huku mimi nimesimama mbele yao kama kigingi. Kisukari kilipomtia ganzi vidoleni nilidhani ataniachia. Wapi. Aliendelea kuingia chini ya magari, akigusa kila nati mara mbili ahakikishe imo mkononi, na kazi ya saa tatu ikawa ya kutwa nzima. Ilinikera kuliko nilivyowahi kumwambia mtu.

"Nikipanda kilima injini inanguruma, gari haliendi," mkunga alisema. "Na pedali inashika juu kabisa, mpaka niinue mguu wote. Jana mama mwenye uchungu alinisubiri nusu saa."

"Pedali utaizoea, klachi mpya ndivyo zilivyo," nikamjibu. "Tatizo ni huko kuteleza."

Nilimwita kaka kwa sauti ya kumfikia na mchomeleaji wa jirani. Nikamwambia aketi kwenye usukani, avute handbreki, aweke gia ya nne, kisha aachie klachi taratibu. Klachi nzima ikishika hapo, injini huzima. Ya mkunga haikuzima. Ilinguruma tu, gari limesimama palepale, harufu ya kuungua ikaanza kutoka.

"Unaisikia harufu?" nikamuuliza. "Au na pua nayo imeingia ganzi?"

Mchomeleaji alicheka. Kaka akazima injini, akabaki ameshika usukani.

"Umeitazama pedali?" akauliza polepole. "Mimi nilifunga chini. Kebo uliivuta wewe."

Ndivyo tulivyogawana tangu augue. Yeye gia boksi na klachi, mimi kebo na pedali, maana nati ya kebo ni ndogo na vidole vyake haviioni. Lakini kuniambia vile mbele ya watu, damu ilinichemka. Nikamtolea uvivu. Nikamwambia mtu asiyejua kikombe kina moto mpaka kimbabue hawezi kujua diski ina grisi. Nikamwambia alipaka grisi kwenye shafti kwa kubahatisha, ikarukia diski, na sasa anatafuta wa kumbebesha. Kisha nikamshika mkono wa kulia, nikauinua, ili mkunga alione lile kovu la moto kwenye kidole gumba ambalo hakulihisi lilipoingia.

"Dada, huu ndio mkono uliofunga klachi yako."

Safari hii mchomeleaji hakucheka. Kaka hakuuvuta mkono wake, alingoja mpaka nikauachia. Akavua ovaroli, akaikunja vizuri, akanawa kwa sabuni ya unga muda mrefu kana kwamba anaingia kula kwa watu. Akaondoka kwa miguu.

"Si ungemwambia pembeni, fundi?" mkunga akasema. Nikamjibu aje jioni, gari litakuwa tayari.

Nilishusha gia boksi peke yangu huku nikipiga mluzi. Nikafungua klachi, nikachomoa diski. Ilikuwa kavu. Imebabuka usoni kwa kuteleza, lakini tone la mafuta hakuna. Grisi kwenye shafti ilikuwa nyembamba, imefutwa pembeni. Sili ya nyuma ya injini, inayozuia oili isivuje, ilikuwa mpya, ameibadilisha bila kuombwa na bila kujisifu. Bolti zote sita zilikuwa zimekazwa sawasawa. Ilikuwa kazi safi kuliko yangu, na niliichukia.

Mluzi ulikuwa umeshakatika. Nikainuka kuitazama kebo. Nati nilikuwa nimeikaza mpaka mwisho, harakaharaka, kwa sababu mimi napenda pedali inayoitika upesi. Haikubaki nafasi ya kupumua hata kidogo. Klachi ilikuwa kama imekanyagwa saa zote, hata mguu wa mkunga ukiwa sakafuni, ndiyo maana ikateleza.

Nikaipiga diski msasa, nikarudisha kila kitu, nikalegeza nati mizunguko mitano. Handbreki, gia ya nne, nikaachia. Injini ikazima papo hapo. Nilirudia mara tatu nikitamani isizime.

Jioni mkunga aliuliza lilikuwa nini.

"Grisi kwenye diski," nikasema.

Akalizungusha gari uani, akarudi anatabasamu. "Na pedali imeshuka, inashika vizuri."

"Si nilikwambia utaizoea."

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa kaka. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno, na yalikuwa ya kweli. Shemeji alinifungulia bila salamu. Kaka alikuwa amekaa mezani, mikono ameilaza mbele yake kama vitu vya kuazima.

"Ilikuwa na grisi?" akauliza.

Shemeji alisimama mlangoni akinitazama mdomo. Nikaona nitakavyoonekana nikishalisema lile neno la kweli, kwake, kwa mchomeleaji, kwa kila mteja atakayemuulizia tena kaka.

"Ilikuwa nayo," nikasema. "Nyingi."

Alitikisa kichwa kukubali. "Ningeapa niliifuta. Niliifuta mara mbili." Akavigeuza vidole, akavitazama upande wa pili. "Basi umenisaidia, mdogo wangu. Siku nyingine ingekuwa breki, nikaua mtu."

Akamwambia mkewe alete sanduku la spana lililokaa chini ya kitanda, lile ambalo tangu ananifundisha hakuwahi kuniruhusu hata kulifungua. Akalisukuma mezani mpaka likanigusa kifua.

"Chukua. Ila kwa ajili ya yule dada, kebo nayo uitazame."

"Nimeshaitazama," nikasema. Nikalibeba sanduku kwa mikono miwili, na shemeji akanifungulia mlango.